Nepi Kwenye Kamba

Jogoo wa kuwapokea wageni alikataa kufa. Bi Leonia alimkata shingo kwa pigo moja, kichwa kikabaki mkononi mwake, lakini kiwiliwili kikainuka na kukimbia ovyo uani mpaka kikamgonga Isabela na kumwangusha. Damu ikamrukia mtoto usoni na kwenye nepi. Claudia, mama yake, akapiga ukelele. Isabela mwenyewe, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alikaa mavumbini akaitazama ile damu, kisha akapiga makofi na kucheka.

"Huyu haogopi kitu," Bi Leonia alisema huku akipangusa kisu kwenye nyasi, akamwinamia mjukuu wake. "Karibu, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume, naye alishakufa zamani. Umechelewa!"

Majirani waliokuwa uani wakaangua kicheko. Claudia naye akajilazimisha kucheka. Alikuwa mtu wa haya, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mama mkwe.

Walikuwa wamekuja likizo. Justin, mumewe, alikuwa karani wa ushirika pale Masasi, na tangu mtoto azaliwe hakuwa amepata ruhusa ya kumpeleka kwa bibi yake. Claudia alizaliwa Kilema, huko Uchagani, ambako mfereji hupita mlangoni kwa mtu usiku na mchana. Justin alimsifia nyumbani kwao, upepo wa baridi wa Newala, muhogo, korosho za kuchoma. "Tutapumzika," alisema. Habari za vita vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, na ndege za Mreno zilizokuwa zikivuka mto, alizigusia kidogo tu, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka jana. "Siku hizi wametulia."

Lakini njiani lori lao lilipita mifupa ya lori jingine, limeungua, matairi yakitazama mbinguni. Bomu la kutegwa. Justin alimfunika mtoto macho kwa kiganja. Isabela akachungulia katikati ya vidole.

"Gali!" alisema kwa furaha. "Gali yala!"

"Ndiyo, mama, gari limelala," Justin akajibu, akaendelea kumfunika macho mpaka Newala.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani wakapangwa kwa mistari, kijiji cha ujamaa, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na handaki. Bi Leonia alimwonyesha mkwewe handaki kabla ya kumwonyesha kitanda.

"Ile reli iliyoning'inizwa pale kwa mgambo ikigongwa, mbebe mtoto uingie humu. Usiulize, usichungulie."

Hakusema ingia kwa sababu gani. Watu wa pale walikuwa hawaitaji ndege, kama vile nyoka asivyotajwa gizani. Waliamini kwamba ukiitaja umeiita.

Taabu ilianzia kwenye nepi. Maji ya kijiji yalikuwa chini kabisa ya genge, bondeni, na wanawake waliamka alfajiri kuyafuata, wakapanda nayo kichwani mpaka magoti yakatetemeka. Claudia alifua nepi za mwanawe kwa sabuni, akazisuuza, akazisuuza tena. Bi Leonia alitazama maji yakimwagwa, akafyonza.

"Jasho la shingo yangu hilo, Mama Isabela. Linaoshewa mavi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekwisha kusamehe. Ila shingo ndiyo haijasamehe."

Kisha yule bibi akazikusanya nepi zote akazitundika ndani, juu ya jiko. Zilikauka kwa moshi, zikageuka rangi ya tumbaku na kukakamaa. Siku chache baadaye mapaja ya Isabela yakatoka vipele. Mtoto akawa analia kila anapofungwa nepi, anajikuna mpaka damu.

"Mama, naomba nizianike nje. Jua lipo."

"Nguo nyeupe hatuaniki nje."

"Kwa nini, mama?"

"Imekatazwa," Bi Leonia alisema, akayainua macho juu mara moja na kuyashusha upesi. "Usiulize."

Claudia hakumwuliza tena. Alimwuliza Justin, lakini Justin aliondoka kwao tangu ujana, kabla ya vita, naye hakujua. "Miko ya wazee," alisema. "Vumilia, tunakaribia kurudi." Claudia akayaweka hayo moyoni pamoja na mambo ya uchawi ambayo masista wa Kilema walimfundisha asiyaogope.

Asubuhi moja Justin alikwenda Newala mjini kuulizia lori la kuwarudisha. Bi Leonia akaenda kuokota korosho. Claudia alibaki na mtoto. Akazifua nepi mpaka rangi ya moshi ikatoka, akafunga kamba kutoka kwenye nguzo ya nyumba mpaka kwenye mkorosho, akazianika nepi zote juani. Ziling'aa. Ule weupe ulimfurahisha, akajiona angalau mama wa nyumba tena.

Nyumba ya pili alikaa Esha, binti wa Mzee Bwanali, na mwanawe Swalehe, aliyekuwa hajafikisha miaka miwili. Esha alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga kisamvu. Mchi wake ulisikika. Swalehe alipita kwenye uwazi wa ua, tumbo mbele, akazikuta nepi. Akajificha nyuma ya moja, akachungulia. Isabela akacheka. Naye akajificha. Wakawa wanachunguliana, huyu hapa, huyu pale, na Claudia ameketi kizingitini akiwacheka.

Reli ikagongwa.

Ilipigwa kwa haraka, bila kupumua. Claudia aliruka, akamnyakua Isabela mkono mmoja, akakimbia. Alimwona Swalehe. Alimwona vizuri. Mtoto alidhani mchezo unaendelea, akajizungushia nepi usoni na kusimama kimya, miguu miwili midogo ikionekana chini. Mkono mmoja wa Claudia ulikuwa mtupu. Lakini mchi ulikuwa umenyamaza, akasema moyoni, mama yake anakuja, na miguu yake ilikuwa imekwisha kumfikisha handakini.

Ndege ilipita chini sana hata udongo wa handaki ukammwagikia shingoni. Halafu dunia ikapasuka. Alimlalia mwanawe, akasikia mabati ya ghala yakiruka, mti ukivunjika, mbuzi akilia kama binadamu. Ikapasuka mara ya pili, mbali kidogo. Kisha kukawa kimya, na ndani ya ule ukimya akasikia sauti ya Esha ikiita jina moja, ikiliita tena na tena, mpaka haikuwa jina, ikawa mlio tu.

Claudia hakutoka. Alichungulia. Mkorosho ulikuwa umekatika katikati. Kamba haikuwapo. Esha alikuwa amepiga magoti, anakusanya kitu kwenye nepi.

Watu walirudi mbio kutoka mashambani. Wa kwanza alikuwa Mzee Bwanali, baba yake Esha, mkononi panga la kufyekea. Alimwona mjukuu wake. Halafu akaziona nepi zilizotapakaa uani, nyingine zimetundikwa kwenye matawi, nyeupe, nyeupe. Hakulia.

"Nani amewatandikia Wareno kitambaa?"

Husseni, kiongozi wa mgambo, alikuwa amefika na bunduki begani, akihema.

"Si ni wageni wa Leonia," mwanamke mmoja alisema. "Wale wa Masasi."

Hapo ndipo Claudia alipoelewa kwa nini nguo nyeupe zilikatazwa: huonekana kutoka juu. Akambana mwanawe kifuani.

"Mtoke!" Bwanali alisimama juu ya handaki. "Mpelelezi wewe! Mlete huyo wako. Mtoto kwa mtoto!"

"Sikujua, baba," Claudia alisema kutoka chini. "Nakuapia, sikujua."

"Na Swalehe alijua? Mlete!"

Aliinama, akamshika Claudia nywele, akamvuta mpaka kichwa chake kikagonga ukingo. Damu ikamfumba jicho. Alimkumbatia Isabela kwa mikono na miguu, kama mti unavyokumbatiwa na mtu anayeogopa kuanguka. Mara ile nguvu ya kumvuta ikaisha. Bi Leonia alikuwa amefika. Alikuwa ameokota mchi wa Esha, na alimpiga nao Bwanali mbavuni.

"Rudi nyuma, Bwanali!"

"Ondoka, Leonia. Nitakukata."

"Unataka mtoto kwa mtoto? Huyu si wa kwangu!" Bi Leonia alikuwa anatweta. "Wewe si mgeni wa mila. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mamake. Wajomba zake huyu wako Uchagani, hata jina lako hawalijui. Ukimkata, mimi umenikata nini? Ukoo wangu haujapungua hata mtu. Ukitaka damu ya Leonia, hii hapa imesimama."

Bwanali akamkata.

Alilenga shingo. Bi Leonia aliinua mkono, panga likaingia chini ya kiwiko mpaka kwenye mfupa. Alisimama bado, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Bwanali aliliinua panga mara ya pili, ndipo Husseni alipomrukia na kumpiga kwa kitako cha bunduki sikioni. Wanaume watatu walimlalia. Alipigana nao kwa meno.

"Nikishamzika mjukuu wangu narudi!" alipiga kelele, mdomo umejaa mchanga. "Wallahi, yule mtoto hatoki Newala!"

Na kila aliyesikia alijua Bwanali hajawahi kuapa bure.

Husseni alisema barabara imefungwa na wanajeshi, hakuna gari litakaloingia wala kutoka siku hiyo, na Justin itabidi alale mjini. Claudia alichana kitenge akaufunga mkono wa mama mkwe, akakaza mpaka vidole vikafa ganzi. Bi Leonia aliuma meno.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia imekatazwa. Ulitaka nini, nikutajie jina lake?" Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya chini, "Ningekutajia."

Wanaume walikwenda kumzika Swalehe kabla ya alasiri, Bwanali akiwa katikati yao. Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja wa msibani, akasimama mbali na mlango.

"Mama Swalehe anakuita. Uje na mtoto."

Claudia akamtazama Bi Leonia.

"Watamwua, mama."

"Huenda. Lakini usipokwenda, baba yake akirudi atakukuta hapa, na mimi nina mkono mmoja. Ukiitwa na mfiwa huendi mbio, lakini unakwenda. Nipo nyuma yako."

Bi Leonia alibaki nje kuangalia njia. Ndani kwa Esha wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Walipomwona Claudia na jicho lake lililovimba, walijivutia khanga zao. Mmoja akatema mate, yakamfikia mguuni. Esha aliegemea ukuta. Mbele ya gauni lake kulikuwa na maduara mawili ya maji, yanapanuka.

"Nipe," alisema.

Claudia hakusogea.

"Ulimwona?" Esha akauliza. "Mwanangu, ulimwona?"

Claudia angeweza kusema hapana. "Nilimwona," alisema.

Esha alimpiga kofi lililomwangusha. Kisha akaiondoa mikono ya Claudia kwa mtoto, kidole kimoja kimoja, na Claudia akamwachia, maana hakuwa na haki ya kukataa. Esha alifungua gauni. Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka titi limekuwa gumu kama jiwe. Isabela alikuwa ameachishwa ziwa tangu mimba mpya ya mama yake ionekane, na alikuwa na njaa. Hakubembelezwa. Alidaka akanyonya kwa kelele, na Esha akafumba macho, machozi yakamtiririka.

Mara akamwambia Claudia, "Mtoe."

"Nini?"

"Mtoe kwangu! Upesi!"

Claudia akamtoa. Isabela akalia kwa hasira, akarusha mateke.

"Mrudishe."

Akamrudisha. Mtoto akanyonya. "Mtoe," Esha akasema tena, na tena akasema, "Mrudishe." Claudia alifikiri huzuni imempanda kichwani. Lakini bibi mmoja mwenye mtandio mweupe, aliyekuwa akivuta tasbihi pembeni, aliacha kuvuta, akasogea karibu, akaanza kukunja vidole vyake kimoja baada ya kingine. Wanawake wengine nao walielewa. Hakuna aliyekuwa akitema mate tena.

Bwanali aliingia kidole cha tano kikiwa kimekunjwa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado umemkauka mikononi, sikio limejaa damu, na panga amelipata tena. Husseni na Bi Leonia walikuwa nyuma yake, wamechelewa.

Alimwona mtoto mapajani mwa bintiye. Akasimama.

"Mweke chini, Esha."

"Hajafikisha miaka miwili, baba. Amenyonya kwangu, ameacha, amerudi, mara tano. Bibi huyu ni shahidi, na hawa wote." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sheria ya dini ulinifundisha wewe. Huyu sasa ni mwanangu wa kunyonya, ndugu yake Swalehe. Umekula kiapo utamwua mtoto wa mgeni. Mtoto wa mgeni hayumo humu. Yumo mjukuu wako. Haya, mkate."

Bwanali aliinua panga. Claudia alijitupa juu ya miguu ya Esha. Panga likashuka kwenye nguzo ya mlango, likachimba, akalichomoa, akaipiga tena nguzo, na tena, vibanzi vikiwarukia watu usoni, mpaka panga likanasa na mikono yake haikuwa na nguvu ya kulitoa. Akaliacha hapo. Akakaa kizingitini, akawapa wote mgongo, mabega yakimtikisika.

Isabela alishtuliwa na zile kelele, akang'ata kwa meno yake yote. Esha alipiga ukelele, akamzaba kofi la paja. Claudia aliinua mkono wake, akaushusha.

"Nawe una meno kama panya," Esha alimwambia mtoto, akilia, na hakumwondoa. Kisha akamgeukia Claudia, bila kumtazama usoni. "Mshike kichwa, Mama Isabela. Mshike vizuri. Ananiumiza."