Jina la Fundi Uzi

Saa mbili kasoro dakika tano mtafiti wa ubongo alitundika mkoba wake msumarini, akawasha birika, kisha akawasha kompyuta. Ndani ya kompyuta mlikuwa na seli mia nane za neva alizozitunga kwa hesabu. Kazi yao ilikuwa moja: kujifunza kutofautisha mlango unaogongwa na kijiko kinachoanguka. Hii ilikuwa wiki ya tatu na hazikuwa zimejifunza lolote.

Maji yalikuwa hayajachemka bawabu alipopiga simu.

"Daktari, Fundi Uzi yuko hapa getini. Kitambulisho chake kimekwisha muda."

Sauti nyingine ilisikika nyuma yake. "Mwambie hata mimi mwenyewe nimekwisha muda."

"Mwandike kwenye daftari la wageni," alisema mtafiti.

Fundi Uzi alikuwa amezikwa miaka saba iliyopita. Aliingia na koti lake la kijivu, akafuta miguu, akaitikia shikamoo, akauliza kwa nini meza imehamishwa.

Zamani, mtafiti alipokuwa mwanafunzi, chumba hicho kilinuka kioo cha moto. Fundi alivuta vijiti vya kioo juu ya mwali mpaka vikawa vyembamba kuliko unywele. Ndipo alipopata jina lake. Ncha ya kioo ikigusa seli hai, spika ya ukutani ilitoa mlio wa seli hiyo, kama chumvi iliyomwagwa motoni. Wengine walitazama mashine. Yeye alifumba macho na kusikiliza. Mwanafunzi naye alifumba yake, na siku nyingine wote wawili walisahau chakula cha mchana.

"Msikie huyo, mwanangu," fundi alikuwa akisema. "Akimtangulia mwenzake kidogo tu, anaaminiwa, na kesho ataaminiwa zaidi. Akichelewa, hata akisema kweli, wanamwacha."

Hayo aliyaandika daftarini kwa mwandiko wa duara aliojifunza shule ya jioni akiwa na miaka arobaini. Mwanafunzi aliyageuza kuwa mlinganyo, mlinganyo ukachapishwa, na mpaka leo unafundishwa kwa jina la mwanafunzi.

Sasa fundi aliweka sikio kwenye kasha la kompyuta.

"Wanajibu swali likiwa limeshapita," alisema. "Kama mtoto anayechungulia daftari la mwenzake."

"Nifanyeje, baba?"

"Wewe kunywa chai."

Aligonga kasha kwa ukucha, akangoja, akagonga tena. Alikuja siku tisa mfululizo. Siku ya tisa seli zote mia nane zilijua kuwa mlango ni mlango na kijiko ni kijiko. Mtafiti alirekodi matokeo. Siku hiyo alisahau chakula cha mchana, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Aliandika ripoti, akaweka jina la fundi kwanza na lake la pili. Fundi alilitazama kwenye skrini, akaomba herufi moja isahihishwe.

"Ikichapwa nitampelekea mama watoto," alisema. "Alinisubiri na chakula miaka yote ile ya shule ya jioni. Jina langu hajaliona limechapwa isipokuwa kwenye tangazo la msiba."

Mkurugenzi wa taasisi aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Kufa si tatizo," alisema. "Ipo fomu ya waandishi marehemu. Tatizo ni shahada. Huyu aliishia kidato cha nne."

"Kazi ni yake."

"Nani kakataa? Hata ile ya kwanza tunajua ilikuwa yake. Ndiyo maana kila mwaka tunawashukuru wafanyakazi wa maabara."

Mtafiti angeweza kuiondoa ripoti nzima. Alikaa nayo mapajani mpaka jioni, kisha akaituma kwa jarida, ikiwa na jina lake na la mkurugenzi.

Jarida lilipofika, fundi alivaa miwani akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, bila kuruka neno, mpaka mwisho kabisa, palipokuwa na shukrani kwa herufi ndogo.

"Hapa ndipo nilipo?"

"Hapo, baba."

Aliomba rula na penseli, akapigia mstari maneno *wafanyakazi wa maabara*, ili mke wake asihangaike kutafuta. Kisha akauliza kesho seli zitafundishwa nini.