Mgeni wa Saa Kumi

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi wa mtandao wa kiwanda cha magodoro aliweka kikombe chake cha chai juu ya seva, mahali ambapo yeye mwenyewe aliwakataza wengine kuweka chai, akafungua orodha ya vifaa. Vilipaswa kuwa mia mbili na kumi na vinne. Vilikuwa mia mbili na kumi na vitano. Cha ziada kilikaa kati ya printa ya utumishi na mizani ya ghala, kilikuwa na anwani yake, kilijibu upesi kuliko printa, na jina lake lilikuwa Baba.

Alikibofya. Mahali: sebuleni, kiti cha dirishani. Hali: kijani. Alishuka ghalani akafuata kebo mpaka kwenye mizani, akapanda akafuata nyingine mpaka kwenye printa, na kebo ya tatu hakuiona. Baba yake alikaa upande wa pili wa mji, mabasi mawili na kipande cha kutembea, kwenye nyumba ambayo hata intaneti haikuwa nayo. Alirudi mezani, akamaliza chai, akajaza fomu ya kifaa kipya. Penye aina ya kifaa aliandika: mzazi.

Kiwandani walimwita Bi Kijani, kwa sababu hakuwa na raha mpaka taa zote kwenye skrini yake ziwe za kijani. Kazi yenyewe haina siri. Programu hukipitia kila kifaa kwa zamu na kukiuliza, upo? Kifaa hujibu, nipo. Kikinyamaza, taa yake inakuwa nyekundu na simu za watu zinaanza kulia. Kilichobaki kwa binadamu ni kuamua swali liulizwe kila baada ya muda gani. Lango kuu liliulizwa kila nusu dakika. Saa ya ukutani ya kantini iliulizwa mara moja kwa siku, kwani hakuna aliyewahi kufa kwa sababu saa ya kantini imesimama. Kifaa ambacho hakijapangiwa muda hupewa dakika tano.

Mkuu wa kitengo alikuja akasimama nyuma yake na biskuti mkononi.

"Huyo ni nani?"

"Baba."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Yumo kwenye mtandao?"

"Yumo."

"Basi afuatiliwe kama wengine. Ila asinijazie arifa, simu yangu imechoka."

Kumfuta haikuwezekana. Fomu ya kustaafisha kifaa ilitaka saini ya mwenye kifaa, na Bi Kijani aliisoma mara moja akairudisha kwenye jalada.

Kufikia Jumatano programu ilikuwa imejitafutia yenyewe vya kupima. Goti la kushoto. Redio. Birika. Mlango wa mbele, umefunguliwa mara ngapi. Vikombe mezani, na wanywaji. Maneno aliyosema kwa siku. Bi Kijani alianzia hapo kwenye maneno. Jumanne yalikuwa manne, yote kwa msoma mita. Jumatano yalikuwa kumi na moja, na kumi kati ya hayo aliambiwa msomaji wa taarifa ya habari, ambaye inaonekana alikosea jambo. Bi Kijani alimwonea baba yake huruma, na ilimchoma zaidi kwamba alikuwa ameyajua hayo muda mrefu bila kuonyeshwa na mashine.

Hakuwa amekwenda kwa miezi saba. Sababu zilikuwepo, tena nzuri: kiwanda kilipata oda kubwa, swichi za jengo la pili zilibadilishwa, Jumapili ilikuwa siku yake ya kufua. Ukweli, na usemwe, aliogopa ile sebule. Tangu mama yake afariki, kiti chake kilikuwa palepale, na yeye na baba yake walikaa pande mbili za kiti hicho wakiulizana habari za afya mpaka zikaisha. Kwa hiyo alipiga simu kila Jumamosi na kusema, "Kesho nitakuja, baba." Na kila Jumamosi baba alijibu, "Haya mama, karibu. Ila kazi kwanza, mimi sina neno."

Alhamisi baba alipiga mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Mama, kuna mtu anabisha hodi hapa kila baada ya dakika tano. Nikifungua, hakuna mtu."

Bi Kijani alitazama skrini. Mlango wa mbele: mara mia mbili themanini na nane kwa siku. Goti la kushoto: njano.

"Ni programu ya kazini, baba. Inauliza kama upo."

"Ahaa." Baba alifikiri kidogo. "Sasa nikiitikia nikiwa nimekaa, inatosha?"

"Inatosha. Huna haja ya kuinuka."

"Siwezi, mama. Mtu abishe hodi mlangoni kwangu, nimjibu nikiwa kitini? Nitakuwa nimelelewa wapi?"

Basi Bi Kijani akampangia kila baada ya saa moja. Jumamosi baba akasema usiku hapati usingizi, maana mgeni mwenyewe hajui kucha wala kuchwa. Bi Kijani akampangia kama saa ya kantini, mara moja kwa siku. Programu ikauliza, saa ngapi? Akachagua saa kumi jioni, saa ambayo yeye mwenyewe, siku za nyuma, alikuwa akifika.

Ilimfaa. Goti likarudi kijani. Saa tisa na nusu birika lilipata moto, saa kumi kasoro dakika tano shati lilibadilishwa, saa kumi mlango ulifunguliwa. Kwenye kipimo cha maneno likaonekana neno moja, siku hadi siku: Karibu.

"Mambo ya baba yako?" aliuliza Mama Stoo, mtunza ghala, alipopandisha ripoti ya mizani.

"Kijani."

"Mimi sikuulizi rangi. Nauliza umekwenda?"

"Namwona kila siku, dada. Namwona mpaka goti."

"Haya. Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema Mama Stoo, akaweka ripoti mezani akashuka, maana lori lilikuwa linapakiwa.

Jumatatu ya pili baada ya hapo ilikuwa siku ya kuwasha kile kifungu cha programu kinachogundua mwenendo usio wa kawaida. Kifungu hicho hakiambiwi lililo sawa. Kinakaa wiki nne kinatazama na kuulizauliza, kisha lile kilichozoea kuliona ndilo kinaliita sawa, na kitu kingine chochote kinakipigia kelele. Ukutani, juu ya meza ya Bi Kijani, palikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: USIIWASHE MAMBO YAKIWA MABAYA. ITAJIFUNZA UBAYA. Mwaka wa nyuma waliiwasha wakati swichi ya mashine ya kukatia sponji inazimika kila saa. Ikajifunza. Swichi ilipokuja kutengenezwa ikawa nzima, programu ililia siku tatu mfululizo kwamba kuna hitilafu, na mkuu wa kitengo akaamuru waichomoe tena ili watu wafanye kazi.

Alitia alama kwenye vifaa mia mbili na kumi na vinne. Kwenye jina la Baba mshale ulisimama. Aliinua macho akaisoma karatasi yake, herufi kwa herufi, kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Kisha akajiambia kwamba hali ya baba si mbaya, baba mwenyewe kila siku anasema hana neno. Akatia alama.

Jumapili ya kwanza alikuwa anafua shuka simu ilipotetemeka juu ya ndoo. Njano. Baba: vikombe viwili, mnywaji mmoja. Programu ikamuuliza, ni kawaida au si kawaida? Mikono ilikuwa na povu. Alijipangusa kwenye gauni akabonyeza: nimeona. Jumapili ya pili, njano tena. Mlango umefunguliwa mara tisa, na mgeni wa saa kumi alibisha mara moja tu. Nimeona. Jumapili ya tatu alikaa kitandani na viatu mguuni, mkoba begani, nauli ya basi mkononi, akakaa hivyo mpaka saa kumi na moja, akavua viatu. Nimeona.

Jumapili ya nne simu haikutetemeka. Alidhani betri imekufa. Aliifungua akakuta vikombe viwili, mnywaji mmoja, mlango mara tisa, neno moja. Vyote kijani.

"Baba yako ndiye kifaa kitulivu kuliko vyote," mkuu wa kitengo alisema Jumatatu kwenye kikao, na kwa kweli alikusudia kumsifu. "Printa zingekuwa kama yeye, mimi ningekuwa nimeshapumzika."

Watu walipiga makofi. Bi Kijani aliinamisha kichwa. Baada ya kikao aliipitia orodha nzima, kutoka lango kuu mpaka saa ya kantini, akitafuta kama programu imemwingiza na yeye. Haikuwa imemwingiza.

Jumamosi hiyo hakupiga simu kusema atakuja. Jumapili aliziacha shuka kwenye ndoo, akapanda basi la kwanza, akapanda la pili, akatembea kile kipande kilichobaki, na saa tisa na dakika ishirini alikuwa mlangoni kwa baba yake. Alibisha.

Baba alichelewa kidogo. Alipofungua alikuwa bado amevaa fulana, shati la jioni lilikuwa kwenye msumari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama! Pita, pita. Umekonda wewe. Mbona hukusema unakuja?"

Ndani ya mkoba simu ilianza kulia. Haikutetemeka, ililia, kwa ule mlio unaotengwa kwa ajili ya moto na mafuriko. Nyekundu. Baba: mlango umefunguliwa, mtu ameingia. Baba: maneno tisa kwa dakika moja. Alikuwa bado anasoma, mkuu wa kitengo akapiga simu.

"Kuna nini huko? Baba yako amekuwa mwekundu!"

"Ni mimi, bosi. Nimekuja kumwona."

"Aa. Sasa mtulize basi, mimi niko na wageni."

Programu ilimpa njia mbili za kumtuliza. Ya kwanza: jumuisha kwenye hali ya kawaida. Chini yake, kwa maandishi madogo, ilieleza kwamba jambo litahitaji kujirudia Jumapili nne mfululizo. Ya pili: puuza kwa mara hii. Bi Kijani alizihesabu Jumapili zilizokuwa mbele yake. Moja ilikuwa na oda ya hospitali. Moja walikuwa wanahamisha seva. Alibonyeza ya pili, akazima sauti, akaiweka simu chini ya mkoba.

Walikunywa chai. Vikombe vilikuwa vimeshaandaliwa, viwili, na baba alijitwalia kile chenye ufa. Walikaa pande mbili za kile kiti. Waliulizana habari za afya. Goti? Linakwenda. Kazi? Ipo. Magodoro? Yanauzika. Baada ya hapo baba akacheka peke yake, akasimulia jinsi msomaji wa habari alivyokosea jina la mto, na Bi Kijani naye akacheka, na kwa muda wa kama dakika kumi ile sebule haikuwa ya kuogopwa hata kidogo. Alishangaa ilikuwa rahisi hivyo. Alitaka kulia, akanywa chai.

Saa kumi kasoro dakika tano baba alisimama, akavua fulana, akavaa lile shati, akafunga vifungo mpaka cha shingoni.

"Samahani mama," alisema. "Nina mgeni wangu wa saa kumi."

Saa kumi kamili kulibishwa hodi. Hata Bi Kijani alisikia, pigo moja dogo, la adabu. Baba alikwenda na goti lake akafungua mlango wote, akajisogeza pembeni kumpisha mtu.

"Karibu."

Alisimama pale, mkono kwenye kitasa, kiasi cha mtu kusalimiwa na kujibu. Nje palikuwa na njia na jua la jioni. Kisha akafunga polepole, akarudi kukaa, uso wake umetulia.

"Baba, ni mashine ile. Ni mimi niliyeipanga."

"Najua mama, ulinieleza." Alichukua kikombe chake. "Namheshimu tu. Wewe husema unakuja. Yeye hasemi. Yeye huja."

Hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anayetaja saa. Bi Kijani alitazama majani ya chai. Basi la mwisho la kurudi lilikuwa saa kumi na mbili, na saa kumi na moja alisimama.

"Jumapili nitakuja, baba."

"Haya mama, karibu. Ila kazi kwanza. Mimi sina neno."

Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi aliweka kikombe chake juu ya seva akafungua orodha. Vifaa mia mbili na kumi na vitano, vyote kijani. Alimfungulia Baba akauangalia mchoro wa maneno: nukta moja, moja, moja, kisha Jumapili mlima, na juu ya mlima programu ilikuwa imeandika "hitilafu, imepuuzwa". Akaibandua ile karatasi ya ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nene, akaikunja, akaitia kwenye droo.

Jumapili iliyofuata walihamisha seva. Saa kumi na dakika mbili, akiwa amepiga magoti katikati ya kebo, alitoa simu mfukoni akatazama. Vikombe viwili, mnywaji mmoja. Mlango mara tisa. Neno moja. Kijani.