Shubiri Moja ya Filamu

Mama hakuwa na picha hata moja ya mwanawe mdogo, na yule mkubwa alikuwa fundi picha kwa miaka thelathini. "Kinyozi hajinyoi!" alimfokea. "Nenda kampige picha mdogo wako angali hai. Nataka uso, sitaki kitanda."

Chumba cha mgonjwa kilikuwa na kidirisha kimoja, na mwanga wa flashi ulimuumiza macho. Kwa hiyo fundi aliiacha filamu ya kawaida, akachukua ya kasi, nyeusi na nyeupe, ile inayoona gizani kama paka. Lakini alikuwa mkono wa birika. Hakutaka filamu nzima iishie kwa mtu mmoja. Akaanza na wateja wake, mafundi cherehani wa jirani, nje juani, picha thelathini. Zikabaki sita.

"Kaka, nipige upande huu," mdogo wake alisema akicheka. "Ule mwingine umeshatangulia."

Kwenye picha ya kwanza aliitazama kamera sawasawa. Kisha kikohozi kikamshika, na tano zilizofuata akawa anatikisika tu. Alhamisi walimzika.

Picha za gizani hutaka kukaa kwenye dawa ya kusafishia filamu muda mrefu kuliko za juani. Angeiacha filamu yote ikae, mafundi cherehani wangeharibika, wangetoka makaa na chokaa, lakini mdogo wake angeonekana. "Mteja ni mteja," fundi alijiambia. Akaamua kuikata filamu ili kila kipande kipate muda wake. Aliikata kwenye giza totoro, kwa kupapasa, kama alivyokwisha kufanya mara nyingi. Picha sita ni shubiri moja. Akapima kutoka mwisho, akakata.

Alisahau mkia mtupu wa filamu, upana wa kidole, unaobaki baada ya picha ya mwisho.

Alipowasha taa, ile picha ya kwanza ilikuwa vipande viwili. Jicho moja lilibaki kwenye kipande kilichokaa sana, kali, hai kabisa. Jingine lilikwenda na mafundi cherehani, na hapo filamu ilikuwa kama kioo, haina kitu. Zile tano zilikuwa ukungu unaokohoa.

Mafundi cherehani walitoka vizuri mno.

Mama alikuwa ameshapigilia msumari ukutani. Akaisogeza ile nusu dirishani. "Na huku kwingine?"

"Hakuna, mama. Nimemkata mimi."

Akaitazama kitambo, akamrudishia.

"Peleka za wateja," alisema. "Wasikungoje."