Mstari Kuhusu Nywele

Jucimara hakuwa mtu wa kujisifu, lakini ukurasa wa tovuti uliohusu kamati aliuandika yeye, na kila mtu alijua. Tovuti yenyewe ilijengwa na wanafunzi sita weusi, yeye mmoja wao, katika chumba cha nyuma cha maktaba, chumba chenye feni moja ya kulalamika tu. Humo mwanafunzi mweusi wa chuo chochote cha jimbo la Bahia, Brazili, alipata alichohitaji: mabweni, msaada wa chakula, mwanasheria wa bure, vitabu vya kupakua. Watu waliingia kwa hayo yote, ila waliokaa muda mrefu walikaa kwenye ukurasa wa Jucimara.

Ukurasa huo ulieleza jinsi ya kufika mbele ya kamati. Anayeomba nafasi za chuo zilizotengwa kwa weusi husimama mbele ya watu watano, akarekodiwa kwa video, nao wakamtazama. Picha ya bibi hawaitaki, maana zamani watoto weupe wa matajiri walikuwa wakija na picha ya bibi mzaa bibi aliyekuwa mweusi, wanachukua nafasi ya udaktari na kuondoka wakicheka. Sasa inatazamwa ngozi yako wewe, sura yako na nywele zako. Na Jucimara, ambaye hakuwa na subira na maneno ya kuzunguka, aliweka mstari mmoja kwa herufi nene: "Usinyoe. Kama ngozi yako ni nyeupe kidogo, nywele ndizo zitakazokusemea."

Railan, mdogo wake, ndiye hasa mtu wa mstari huo. Mama mmoja, baba mmoja, lakini Jucimara alitoka mweusi kama mama yao na Railan akatoka maji ya kunde, tena yaliyochujwa. Majirani wao mjini Feira walisema yao hadi wakachoka. Mama yao, Valdice, aliwajibu kwamba kitanda hakizai haramu, akafunga dirisha. Kilichomwonyesha Railan kuwa mtoto wa mama yake ni nywele tu, kipilipili kwelikweli, msitu mzima. Mtihani wa kuingia uuguzi alikwisha kuufaulu, ikabaki kamati.

Jumamosi baada ya kamati, Jucimara alifika nyumbani akamkuta Railan mezani anakula kuskusi, kichwa kinang'aa kama bakuli. Aliyeeleza ni mama, tena kwa fahari: aliazima mashine ya kunyolea kwa kinyozi wa jirani, akamnyoa mwenyewe alfajiri ya siku ya kamati, akampigia pasi shati jeupe. Miaka ishirini na miwili amepika katika shule ya chekechea ya watoto wa wenye uwezo, na anajua mtu mweusi akiingia ofisini na nywele zake anavyotazamwa. Hakutaka mwanawe atazamwe hivyo.

Jucimara alimvuta mdogo wake uani.

"Hukusoma?"

"Nilisoma. Mara tatu."

"Sasa?"

"Sasa nini, dada? Ameshanifunga taulo shingoni, anaimba. Wewe ungemwambia?"

Jucimara alijua asingemwambia.

Jibu lilitoka Jumatano: amekataliwa. Wakakata rufaa. Jucimara aliiandika barua huku akijua anatwanga maji kinuni, maana kamati ya rufaa haimwiti mtu tena. Inatazama video ileile ya kwanza. Railan angefuga nywele hadi magotini, kwenye video angebaki na upara. Baada ya siku tisa nafasi yake ikapewa mwingine.

Mama Valdice hakulia. Alifanya jambo baya zaidi: alitaka kuelewa. Alimwomba Railan amfungulie kwenye simu ule ukurasa wa dada yake ausome mwenyewe, polepole, aone walikosea wapi ili mwakani wasikosee. Railan alidanganya kwamba mtandao umekatika, akatoka nje kumpigia dada yake.

"Utoe huo mstari."

"Railan, watu wanautegemea."

"Siku mbili tatu tu. Akishasoma, urudishe."

"Hata siku moja ni nyingi."

"Dada, ile mashine ameirudisha na keki. Keki ya kushukuru. Akiuona huo mstari, atakaa na hiyo mikono yake mpaka afe."

Ilikuwa Alhamisi. Kuufuta kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na Jucimara hakumwambia mtu yeyote.

Jumapili mama alisoma kutwa, kidole juu ya kioo cha simu. Mwishoni alivua miwani akasema hajaona kosa. Kila kilichoandikwa walikifanya, basi ni wale watu tu hawana macho. Kisha akaenda kuloweka maharage. Jucimara alishukuru, na aliona aibu kwa kushukuru kwake.

Jumatatu saa tano asubuhi alikuwa maktaba kuurudisha mstari. Iraildes, mwenzake wa zamu ya kujibu barua za wasomaji, alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Bibie, mstari wako wa nywele umekwenda wapi?"

"Kwani vipi?"

"Kuna mama wa Serrinha aliandika Ijumaa. Kamati ya mwanawe ilikuwa leo saa tatu asubuhi, chuo kingine. Alikuwa anauliza amnyoe au asimnyoe. Mimi nikijua umo, nikamwambia asome ukurasa, kila kitu kimo."

Jucimara aliuliza kama yule mama alijibu.

"Jana jioni. Anashukuru sana. Anasema amesoma wote, neno kwa neno, hakuna palipokataza. Ametuma na picha."

Iraildes akaigeuza kompyuta. Kijana maji ya kunde, shati jeupe lililopigwa pasi, upara mtupu. Nyuma yake mama mweusi, mfupi, mikono yote miwili juu ya mabega ya mwanawe, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Chini aliandika kwamba amemnyoa kwa mkono wake, na akauliza: amependeza, au siyo?

Iraildes alitaka kujua wamjibu nini. Jucimara alivuta kiti, akaurudisha mstari mahali pake kwa herufi nene, akauangalia.

"Mwambie amependeza," alisema.