Mistari Miwili Kwenye Zege

Kaka mtu alikuja kwenye uwanja wa kuunguzia tairi na mashine ya kuchomelea kabisa nyuma ya pikapu yake, kama mtu aliyeleta jeneza kwa mgonjwa ambaye bado anapumua.

"Dada, gari la baba limekuwa kichekesho," alisema. "Likiunguza tairi linaacha mstari mmoja. Leo naichomelea difu, yaishe."

Dada mtu alikuwa mwalimu wa udereva, na gari hilo ndilo alilofundishia. Difu ndiyo inayoyaruhusu magurudumu ya nyuma yapishane kasi kwenye kona. Ukiichomelea, yanazunguka pamoja upende usipende. Gari linarukaruka kila mwanafunzi anapokata kona, na mwisho ekseli inakatika. Alishamweleza kaka yake hayo mpaka mate yakamkauka. Kaka hakuwa na masikio. Kwake yeye gari lilikuwa la kutolea moshi siku za mapumziko, basi.

"Nikiacha mistari miwili bila kuchomelea?"

"Kwa difu hiyo hiyo? Thubutu!"

"Nikiweza, mashine yako isisogee tena karibu na gari hili. Nikishindwa, chomelea."

Wakapeana mikono mbele ya watazamaji. Dada akachukua spana, akaingia uvunguni mwa gari, akatoka na vumbi mgongoni.

"Mwalimu, usisahau indiketa!" mmoja akapiga kelele. Watu wakaangua kicheko. Alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto, akaingia garini na kufunga mlango.

Pale uwanjani utaratibu ni mmoja. Unaegemeza magurudumu ya mbele kwenye boriti ya zege ili gari lisiende popote, kisha unayaacha ya nyuma yaungue. Moshi ukitulia, watu huinama kukagua sakafu. Mwenye mstari mmoja huitwa Nusu Dereva, na jina hilo haling'oki kirahisi.

Dada akaliegemeza gari kwenye boriti, akakanyaga mafuta, akaachia klachi kwa ghafla. Gurudumu la kulia likaanza kuteleza, likafuka moshi. La kushoto likabaki limelala doro, maana difu ya kawaida ikiona upande mmoja umelegea, mzunguko wote huumwaga huko.

"Nusu! Nusu! Nusu!" watu wakaimba. Kaka akaanza kukunjua waya wa mashine yake.

Ndipo dada akavuta hendibreki. Kule uvunguni alikuwa amefungua waya wa breki ya kushoto, kwa hiyo breki ikabana gurudumu la kulia peke yake. Gurudumu likawa zito. Injini ikakoroma, ikataka kuzima. Akaongeza mafuta huku ameishikilia hendibreki kwa nguvu zake zote. Nguvu ilipokosa mteremko kulia, ikahamia kushoto. Gurudumu la kushoto likashtuka, likapiga yowe, likaanza kuzunguka sambamba na mwenzake.

Watu wakasogea na kuinama. Moshi ulipotawanyika, mistari ilikuwa miwili, myeusi tii.

Kaka akachungulia uvunguni, akauona waya unaning'inia. "Huo ni ujanja! Hiyo ni breki, si difu!"

"Difu ni ile ile aliyoiacha baba," dada akasema kupitia dirishani. "Mkono uliovuta ni wangu. Kunja waya wako, kaka, upo njiani mwangu."

Akaweka gia ya kurudi nyuma na kumsubiri aukunje.