Upande wa Kushoto

...na kama ni taa tu, jamani, taa gani ngeni kwa Taban, miaka ishirini na sita ya Fuso, Oraba hadi Arua na mihogo, Arua hadi Oraba na sabuni, malori ya Sudani yakimwangazia usoni kama yana ugomvi na mama yake, halafu leo aweke kidevu kwenye mashine ya macho kama anayenyolewa, akazie nukta ya katikati, na kila cheche ikitokea pembeni abonyeze kitufe, asipoziona za kutosha leseni ya lori haisainiwi, kwisha, arudi Koboko akauze karanga... dereva mwenzake Wani alimpa dawa, “Hesabu moja, mbili, bonyeza, mashine pia iko kama mutu, itachoka,” lakini mkewe Asiya hataki dawa ya Wani, anataka mazoezi, hapa hapa kwenye benchi la kliniki, mbele ya wagonjwa wenye pamba machoni, “Tazama pua yangu, Baba Faridah, hapana tembeza macho,” naye anaitazama, pua ile ile iliyomtia kwenye ndoa, “Sasa?” bangili zinalia upande wa kulia, “Naona!” “Sasa?” zinalia upande wa kushoto, “Naona!” na benchi zima linafurahi, mpaka Asiya anazivua bangili moja moja, anazitia mkobani, kimya, “Sasa?” “Naona!” “Sasa?” “Naona, vidole viwili, kimoja kina hina!” na Asiya anasema polepole, “Mikono yangu yote iko kwa paja, Baba Faridah,” benchi linaangua kicheko, na Taban anacheka kuwashinda wote, maana hiyo ndiyo kazi yake, kucheka kwanza, kwa sauti kubwa, mtu asipate nafasi ya kuuliza... alicheka hivi hivi Koboko, siku wazee walipokaa kusikiliza kesi, Swadiki mbele yao, mguu umefungwa mbao, baiskeli yake imekunjwa kama chapati ya mayai, wakauliza, Taban, ilikuwaje, ukamgongaje, naye angeweza kusema sikumwona, neno moja, upande wa kushoto ulikuwa... si giza, giza unalijua, kulikuwa hakuna kitu, nyasi tu, nyasi, halafu kishindo... lakini dereva wa kusema sikumwona ni dereva gani huyo, basi akasimama, akatanua kifua, akaigiza baiskeli inavyoyumba, akayumba nayo mpaka miguuni pa imamu, “Wazee, hii baiskeli ilikunywa waragi, Swadiki alikuwa anaisindikiza nyumbani tu!” na watu wakavunjika mbavu, hata Swadiki mwenyewe alitabasamu, mtu ambaye pombe hajawahi hata kuinusa, akasema, “Wazee, mimi hapana kunywa, mimi nilikuwa kwa majani kabisa, pembeni,” lakini nani atamsikia mtu katikati ya kicheko, kesi ikaisha, mguu ukapona vibaya, na jina likabaki, Waragi, sokoni Waragi, msikitini wanamwachia nafasi pana kidogo kwenye safu, bintiye anarudi shuleni analia, mtoto wa Waragi... na Taban akimpita barabarani anachechemea hupiga honi, “Waragi, salaam!” naye huinua mkono, ya Rabi, huinua mkono, miaka miwili anamwinulia mkono mtu aliye... “Tuanze tena,” anasema Asiya, “pua,” na Taban anaikazia pua, “Sasa?” moja, mbili, ulimi uko tayari, naona ni neno jepesi, limemlisha miaka miwili, Wani angelisema, yeye mwenyewe amelisema kwa polisi, kwa wazee, kwa watoto wake, lakini pale kushoto hakuna mkono, hakuna ukuta wa kliniki, nusu ya bega la Asiya haipo, na mtu mzima na baiskeli yake na gunia lake la mihogo angeenea pale, angeenea vizuri kabisa, akiwa amekaa kwenye majani yake, pembeni, kama alivyosema...

“Sioni.”

“Hapa?”

“Sioni.”

“Na hapa?”

“Mama Faridah, sioni,” na benchi linangoja aongeze kichekesho, linamtolea macho, halipati kitu, Asiya ameshusha mkono, au labda hajaushusha, atajuaje, anasikia tu sauti yake imekuwa ndogo, “Tangu lini?”

“Tangu kabla ya Swadiki,” anasema, na mlangoni muuguzi anaita jina la mtu mwingine.