Vidonge vya Kumngojea Kule

Mimi si mtu wa kunyamaza. Asubuhi ile nilimburuta mume wangu Kule hadi kituo cha afya, nikamkalisha kwenye benchi la nje, nikaingia peke yangu. Nilitaka karatasi yenye muhuri inayosema ameniletea ugonjwa kutoka machimboni. Nikiipata, narudi kwetu Butembo na watoto.

Tangu njia ya Bambu ifunguliwe tena, Kule alikuwa akichimba dhahabu huko na kurudi Bunia kila mwisho wa mwezi. Watu walisema vita vimekwisha, lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko wa kukimbia nao, uliofungwa tayari kando ya mlango. Wangu niliufunga kwa sababu nyingine. Kwa siku tano nilikuwa nikiwashwa sehemu za siri hadi nikashindwa kukaa kwenye meza yangu ya vitenge.

Muuguzi Jeannine aliniuliza mambo ambayo hata mama yangu hajawahi kuniuliza.

"Ile uchafu inatoka, iko na harufu ya samaki?"

"Hapana."

"Rangi ya majani, na povu?"

"Hapana. Ni nyeupe, nzito, sawa maziwa yenye kuganda."

Akachukua kidogo kwa pamba, akapaka kwenye kioo, akainama juu ya hadubini. Akakaa hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu, nangoja muhuri tu.

"Ulikunywa dawa gani, mama?"

"Ampi, ile ampisilini ya kuua vijidudu. Kila mara Kule iko karibu kurudia, nakunywa siku tatu mbele, na nasafisha ndani na sabuni. Siye wote mu soko tunafanyaka vile. Ni kinga."

Jeannine akaweka kalamu chini. "Ile kinga njo imekuletea ugonjwa. Mu mwili ya mwanamuke muko vijidudu vizuri vya kumulinda. Weye uliviua na ampi, sabuni ikamalizia. Sasa champignon, ile kuvu, imeota, kama ile ya mukate ya zamani. Hakuna mutu alikuletea. Nitakupa dawa ya kuweka ndani siku sita. Sabuni ndani, uache kabisa."

Nilishikwa na butwaa. Miezi saba nimemeza vidonge kujikinga na mume wangu, kumbe ugonjwa nimejipikia mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimezama hadi shingoni. Aibu ilinifanya nilie. Nikaamua kumwomba Kule msamaha, nimchinjie kuku, na ule mfuko niufungue leo hii.

"Muite bwana yako," Jeannine akasema, "nimuelezee."

Kule aliingia ameshika kofia mkononi. Akayaona machozi yangu, akakiona kioo chini ya hadubini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niombe msamaha. Alinitangulia.

"Unisamehe, Musoki. Yule mwanamuke wa Bambu, nitamuacha. Sikujua kama iko na ugonjwa."

Nilimtazama mwanaume niliyetaka kumchinjia kuku, nikafuta machozi. Jeannine akasukuma kando karatasi yenye jina langu, akachukua mbili mpya.

"Mukae wote wawili," akasema. "Sasa tunapima damu."

Nikakunja mkono wa blauzi yangu. Nyumbani, mfuko ulikuwa ungali umefungwa.